Pikipiki ya Baba Mkwe Imewaka. Je, Itasimama?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, tutoke kidogo jikoni na kliniki, twende nyuma ya nyumba kwenye kibanda cha kuni, kwani huko ndiko lilikotoka swali tulilopewa na mama mmoja wa upande wa Mlalo.

Mama huyo anatueleza kwamba mumewe amerithi pikipiki ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa mhudumu wa afya, akizunguka nayo vijijini miaka ya 1980. Alipostaafu ikawekwa kibandani, ikafunikwa magunia, na kuku wakafanya kiti chake kuwa mahali pa kutagia. Jumamosi moja baba wa nyumba akaitoa nje, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akatia petroli mpya, akapiga kiki mara nyingi mpaka jasho likamtoka, nayo ikawaka! Watoto wakashangilia na majirani wakaja kutazama. Sasa baba amepanga kushuka nayo mpaka Mombo, mama akiwa nyuma na mtoto mdogo mgongoni, wakamsalimie wifi. "Breki zinashika kidogo," amesema baba, "zitarekebishwa tukipata hela." Mama anauliza: Je, ana haki ya kuikataa safari hiyo, hali yeye mwenyewe hajui lolote la pikipiki?

Haki anayo. Na hilo la kutojua lisimtishe. Mwanamke anayeweza kufungua cherehani ya kukanyaga, akaipaka mafuta, akatambua kwa sauti tu kwamba kuna kitu kimekaza, anaweza kuielewa kabisa breki ya pikipiki ya zamani. Tena tungependa aielewe vizuri kuliko mumewe, maana anayekaa nyuma hana usukani wala breki mkononi. Ana macho na mdomo tu, navyo inafaa avitumie kabla ya safari.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunawaona watu wa pikipiki mwisho wa habari: paja lililovunjika, taya, kichwa kisichokuwa na kofia, na yule mtoto aliyewekwa katikati kwenye mshikaki. Hatutaki kuyaeleza zaidi ya hapo. Tunasema tu kwamba hatujapata kumfunga mtu bandeji kwa sababu injini yake ilikataa kuwaka, isipokuwa labda kiki imemrudia kwenye ugoko. Watu huumia kwa sababu chombo kilikataa kusimama.

Sasa, kwa nini injini iamke siku moja baada ya usingizi wa miaka, na breki zisiamke? Chukueni mfano wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita barabara za vumbi na matope, na mwenyewe husahau kubadilisha oili. Waliijenga injini yake iwe ya kuvumilia kusahauliwa. Iko na Yamaha AG100, iliyotengenezwa kwa kazi za mashambani, ikapendwa sana na mashirika na watu wa afya katika Afrika. Nayo ni ngumu kweli. Kwa hiyo baba anapopiga kiki na kusikia mlio ule wa zamani, huona kwamba chombo kizima kiko hai. Anasahau kwamba mlio ule ni habari za injini peke yake.

Breki haikujengwa kuvumilia hivyo. Ndani yake mna gundi, na gundi huzeeka. Mna springi na waya, navyo hula kutu. Mna grisi iliyokauka ikawa kama nta ya mshumaa. Vitu hivi huharibika hata kama pikipiki haitembei, na vingine huharibika zaidi kwa sababu imesimama, hasa milimani kwetu, ambako ukungu wa Juni na Julai huingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza Barry Coleman na Mmarekani Randy Mamola, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, walitembelea Somalia wakakuta pikipiki za kazi ya afya zimetelekezwa kwa kukosa matunzo madogo tu. Wakishirikiana na Andrea Coleman walianzisha shirika la Riders for Health, ambalo liliwafundisha wahudumu wa afya wa nchi kama Lesotho na Gambia kuzikagua pikipiki zao wenyewe. Kazi hiyo ndogo ya ukaguzi ndiyo iliyokosekana kibandani kwa baba mkwe.

Hebu tuitazame barabara yenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kupitia Soni, ni kilomita thelathini na ushei. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Mombo kama mita 400. Yaani katika safari ile fupi, yenye kona baada ya kona, ukuta wa jabali upande huu na bonde upande ule, mtu hushuka mita 1,000. Wenye kupanda daladala wanaijua harufu ile ya breki inayoingia dirishani mkikaribia chini.

Harufu hiyo ni joto. Breki haina kazi nyingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Tulipiga hesabu, nasi tunawapeni jibu lake kwa kipimo cha jikoni. Pikipiki, dereva, mama na mzigo, tuseme vyote ni kilo 250. Vikishuka mita 1,000, nguvu inayotakiwa kumezwa njiani inatosha kuchemsha lita 7 za maji baridi mpaka yatokote. Sehemu yake humezwa na upepo, na sehemu humezwa na injini ikiwa imewekwa gia ndogo. Inayobaki yote huingia katika breki mbili, kila moja ikiwa na upana wa kama sahani ndogo ya chai. Sasa mfikirie yule anayeweka niutro na kuzima injini ili kuokoa petroli kwenye mteremko. Ameiondoa injini katika kazi, akaziachia breki sufuria yote.

Na ndani ya breki mna nini? Pikipiki nyingi za miaka ile hazina breki za mafuta. Katikati ya gurudumu mna kitu kama sufuria ya chuma, ndiyo dramu, inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya sufuria hiyo mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga ambavyo mafundi huviita breki shuu, yaani viatu, navyo havizunguki. Kila kiatu kimevishwa mkanda mgumu wa kusugua, ndio lainingi. Ukivuta mkono wa breki, waya huvuta kijiti kilicho nje, kijiti hugeuza kipande kilichobapa kinachoitwa kemu, kemu hutanua viatu, navyo husugua ukuta wa sufuria. Ukiachia, springi mbili huvirudisha viatu ndani. Basi. Hakuna siri nyingine. Mengi ya kuharibika yamo katika sentensi hizo chache.

Lakini kabla ya spana ya kwanza, tuna neno la kiafya, na hili tunaomba mlisome mara mbili.

Kwa miaka mingi lainingi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba sana zisizoungua. Viatu vya pikipiki ya miaka ya 1970 au 1980 vinaweza kuwa nayo, na hakuna fundi anayeweza kutambua kwa macho. Gurudumu likifunguliwa, ndani mna unga mweusi au wa kijivu. Desturi ya gereji nyingi ni kuupuliza kwa mdomo au kwa pampu, au kuukung'uta kwa brashi kavu. Hapo ndipo unapopanda hewani na kuingia mapafuni, nao ukishaingia hautoki wote. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Ugonjwa hauji kesho. Mara nyingi huja baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati mtu hakumbuki tena alivuta nini.

Mwaka 1960 Dakta J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini wenye saratani adimu ya utando unaozunguka mapafu. Karibu wote walikuwa wamefanya kazi au kuishi karibu na migodi ya asbesto. Kisha uchunguzi mmoja wa London, uliochapishwa mwaka 1965, ukatoa jambo linalotuhusu sisi hasa: miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wanawake ambao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto hata siku moja. Walikuwa wamefua nguo za kazi za watu wa nyumbani mwao. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999.

Hatusemi kwamba aliyefungua breki moja atapata saratani. Hatari hukua kwa wingi wa vumbi na wingi wa miaka, na wenye kulifikiria zaidi jambo hili ni wake wa mafundi wanaofungua breki kila siku. Hata hivyo kujikinga ni rahisi mno, basi kwa nini tusijikinge? Kazi ifanywe nje, mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Gurudumu likitoka tu, vumbi linyunyiziwe maji yenye sabuni kidogo mpaka liwe tope, lisipulizwe kamwe. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa na viatu vya zamani vifungwe katika mfuko wa plastiki vikiwa bado vibichi, vifukiwe shimoni, visichomwe. Viatu hivyo visipigwe msasa mkavu. Na ovaroli ya kazi hiyo, mama, usiikung'ute. Iloweke kwenye maji kwanza, peke yake, mbali na nguo za mtoto, na maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mboga.

Tukishalimaliza hilo, tunaweza kukaa kwenye kigoda pembeni ya baba na kutazama. Viatu vipya vikipatikana, na vinunuliwe bila mjadala, maana bei yake ni ndogo kuliko ya tairi. Baadhi ya baba watasema vya zamani bado vinene. Unene si hoja peke yake. Kwa kawaida lainingi iliyofika milimita 2 imekwisha, lakini hata ile nene iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa imeachana na chuma chake, gundi ikiwa imekufa. Siku ya kwanza ya kushika breki kwa nguvu inabanduka, inajikunja kati ya kiatu na dramu, na gurudumu linaganda ghafula. Hiyo ndiyo inayotutisha zaidi katika pikipiki zilizolala. Ukiona ufa mwembamba kati ya lainingi na chuma, hata kama ukucha ndio kwanza unaingia, kiatu hicho kimekwisha. Vivyo hivyo kiatu kilicholowa grisi iliyovuja kutoka kwenye beringi za gurudumu. Watu hukichoma moto ili grisi itoke, au hukiosha kwa petroli, nacho huonekana kikavu. Kikipata joto grisi iliyojificha hutoka tena. Kibadilishwe, na ile mpira ya kuzuia grisi nayo ibadilishwe, la sivyo kiatu kipya kitalowa kama cha kwanza.

Wako mafundi wa kubandika lainingi mpya juu ya kiatu cha zamani pale ambapo spea haipatikani. Ni kazi nzuri ikifanywa na mwenye vifaa na gundi yake ya breki. Ikifanywa kwa gundi ya kubandikia viatu vya miguuni, si kazi.

Dramu kwa kawaida itakuwa na kutu ndani. Kutu nyepesi hutoka kwa msasa laini uliolowa. Lakini pitisha kidole, kwa uangalifu: ikiwa kuna mifereji inayosikika kama mistari ya kinu cha zamani, dramu imelika. Pikipiki nyingi zina maandishi yaliyochongwa kwenye chuma yenyewe kuonyesha mwisho wa kulika. Dramu ya milimita 110, kwa mfano, mara nyingi huandikwa kikomo cha 111. Milimita moja tu! Ikizidi hapo, viatu hutanuka mno, kemu hugeuka kupita kiasi, na breki huweza kukwama ikiwa imeshika. Fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma anaweza kuinyoosha dramu iliyoharibika kidogo, mradi asivuke kipimo hicho.

Kemu ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu haionekani kuharibika. Imeganda tu. Baba atavuta mkono wa breki, utakuwa mgumu, naye atasema "breki kali hii". Si kali, ni kutu. Kemu itolewe, isafishwe, ipakwe grisi ya joto kali kidogo sana, kama unavyopaka mafuta kwenye sufuria ya chapati unapotaka yasirukie nje. Grisi nyingi itayeyuka na kwenda kwenye lainingi. Kabla ya kukitoa kile kijiti cha nje, itiwe alama ya kuonyesha kilivyokaa, maana kikirudishwa jino moja mbele au nyuma, mvuto wote unabadilika. Springi zilizolegea au zenye kutu zitupwe.

Waya wa breki wa zamani utazamwe kwenye ncha, pale unapoingia katika kichwa chake kidogo cha risasi. Uzi mmoja tu ukiwa umekatika, waya wote umekwisha. Tumewahi kuona waya wa breki ya mbele uliofungwa fundo na kuzungushiwa waya wa kufungia kuku. Mwenye chombo alikuwa anajisifu. Waya mpya, kama si wa aina yenye plastiki ndani, utiwe oili nyepesi kwa juu na kuachwa ukining'inia usiku kucha mpaka tone litokee chini.

Sasa linakuja jambo ambalo mama aliyeuliza tunataka alikague kwa macho yake mwenyewe, hata kama yale mengine yote atamwachia fundi. Sahani inayobeba viatu haitakiwi kuzunguka na gurudumu. Kuna kitu kinachoishika: nyuma, mara nyingi ni fimbo ya chuma iliyofungwa kwa bolti kutoka kwenye sahani hadi kwenye mwili wa pikipiki, na mbele, mara nyingi ni jino la shokapu linaloingia katika mfereji wa sahani. Fundi mwenye haraka anaweza kurudisha gurudumu bila jino kuingia katika mfereji wake, au kuirudisha fimbo bila kile kipini kinachozuia nati isifunguke. Pikipiki itasukumwa uani, breki itashika, kila mtu atafurahi. Njiani, breki ikibanwa kwa nguvu, sahani nzima itazunguka, itakata waya na kulifunga gurudumu. Kwa hiyo, mama, inama uulize: "Ni nini kinaishika sahani hii isizunguke?" Aonyeshe kwa kidole. Kisha aonyeshe na kipini. Kama fundi anakasirika kwa swali hilo, mtafuteni mwingine.

Nati ya ekseli inapokazwa, mtu mmoja ashike breki kwa nguvu na kuendelea kuishika mpaka nati imekaza. Hivyo viatu hukaa katikati ya dramu. Kazi hiyo ya kushika ni yako. Halafu mkono wa breki uwe na nafasi ya bure ya sentimita 2 hadi 3 kabla haujaanza kushika, na pedali ya mguu vilevile. Gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

Kama pikipiki yenu ni ya karibuni zaidi na mbele ina breki ya sahani inayotumia mafuta, hiyo ni habari nyingine kidogo, nasi hatutaimaliza hapa. Itoshe kusema kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo yaliyokaa miaka mingi yatolewe yote, na mipira ibadilishwe. Yasitiwe oili ya injini wala mafuta mengine, kwani mipira itavimba na breki itakufa. Nayo ni sumu, huharibu macho na hata rangi ya tangi.

Tukitaja sumu, kuna chupa moja ya soda karibu na kigoda cha baba. Ina mafuta ya taa au petroli ya kusafishia vyuma. Wauguzi wenzetu wote wanaijua chupa hii. Mtoto wa miaka miwili haulizi, hunywa. Akinywa, msimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, wala msimshindilie maziwa, kwa maana mafuta hayo yakipanda tena huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima. Afadhali zaidi mafuta hayo yakae kwenye kopo pana, na kazi ikiisha yamwagwe kwenye dumu lenye kifuniko na kufungiwa.

Majaribio yafanywe kwenye uwanja wa mpira au barabara tambarare, bila abiria. Viatu vipya havishiki vizuri siku ya kwanza, mpaka vizoeane na dramu. Aende pole, ashike, aachie, arudie mara ishirini au thelathini, akipumzisha ili zisipate joto sana. Azijaribu moja moja, kisha pamoja. Hapa mtasikia wale wanaosema breki ya mbele ni ya kuua, isiguswe. Si kweli. Pikipiki inaposimama, uzito wote huinamia mbele, kama vile maji yanavyokurukia usoni unapoisimamisha ndoo ghafula kichwani, na kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye kushika zaidi. Anayetumia ya nyuma peke yake ameacha zaidi ya nusu ya breki zake bila kazi. Kinachoangusha ni kuikamata kwa ghafula, au kwenye kokoto na matope, au pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Akamue kidogo kidogo, kama anayekamua ng'ombe. Siku ya mvua, au akishavuka maji, azikanyage kidogo akiwa anatembea mpaka zikauke, kwani dramu iliyoingia maji haishiki.

Kuhusu mteremko wenyewe, kanuni ya wazee wa malori haijabadilika: shuka na gia uliyopandia. Gia ndogo, injini ikiunguruma, breki zikipumzika kati ya kona na kona. Ila kama pikipiki ni ya aina ile inayochanganya petroli na oili, kama AG100, injini yake husaidia kidogo tu kuzuia mwendo, tena oili yake hupungua dereva anapofunga mafuta kabisa kwa muda mrefu. Mwenye nayo aende polepole zaidi, afungue mafuta kidogo mara kwa mara, na asimame Soni, breki zipoe. Hapana haya katika kusimama. Maporomoko yapo pale, atazame.

Namna ya kumwambia baba hayo yote, kila mama anamjua wake. Sisi tungechagua wakati ambapo pikipiki imezimwa na chakula kimeliwa. Asiambiwe kwamba pikipiki ya marehemu baba yake ni bovu, maana hapo mmeshagusa kaburi. Aambiwe kwamba viatu vya breki vitanunuliwa kwanza, kabla ya rangi ya tangi na kabla ya kitambaa kipya cha kiti, na kama fedha ya mboga iliyowekwa pembeni inaweza kusaidia, itasaidia. Baba wengi huona aibu kutumia fedha kwa kitu kisichoonekana. Rangi mpya majirani wataisifu, lakini kemu iliyopakwa grisi hakuna atakayeijua isipokuwa ninyi wawili.

Na siku ya kwanza ya kushuka, mama asipande. Yeye na mtoto wachukue gari la abiria, baba ashuke peke yake bila mzigo, kofia kichwani, wakutane stendi ya Mombo. Akifika na kuzima injini, mama alowanishe ncha ya kidole kama anavyopima pasi ya mkaa, aiguse habu ya mbele upesi, kisha ya nyuma. Zikiwa na joto la kuvumilika na linalokaribiana, wakamwone wifi. Kidole kikilia "chsss", breki zimechoka, na pikipiki ikae kivulini mpaka zipoe kabisa, mtu asizimwagie maji. Na ikiwa ya nyuma inachoma na ya mbele ni baridi kama jiwe la mtoni, basi baba bado anaiogopa ile ya mbele, na mama atarudi Lushoto kwa gari lilelile alilojia.